Steam: Duka la gemu lililotukanwa kabla halijazoeleka

Ukimwambia kijana anayecheza gemu kwenye kompyuta leo kwamba kuna wakati jina Steam lilikuwa kama tusi, atadhani unatania. Machi 2025 watu zaidi ya milioni 40 walikuwa ndani ya duka hilo kwa wakati mmoja. Wateja wanasubiri mapunguzo yake ya bei kama mtoto anavyosubiri nguo ya Idi, na ukinunua gemu kwingine unaulizwa, "Kwani Steam haipo?"

Sasa rudi nyuma hadi 2003. Duka ni hilohilo, kampuni ni ileile, lakini wacheza gemu walikuwa wamegawanyika vibaya. Counter-Strike, gemu ya mtandaoni iliyokuwa imewateka wengi kuliko nyingine ya aina yake, ilikuwa inakuja na toleo jipya, 1.6. Watu walilitaka. Tatizo, huwezi kulipata bila kupitia kwenye programu mpya yenye rangi ya kijani iliyopauka, iliyokutaka ufungue akaunti, uiache ikae kwenye kompyuta yako, na iwasiliane na seva za kampuni kwanza ndipo ucheze. Gemu walikuwa wanaitaka, duka hawakulitaka, na vyote viwili vilikuja kwenye mfuko mmoja.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama kichekesho: watu waliogopa kitu kipya, wakazoea, mambo yakaisha. Ukifuatilia hatua kwa hatua, unakuta mambo hayakwenda hivyo. Waliosifia walikuwa sahihi. Waliolalamika nao walikuwa sahihi, ila ilichukua miaka 20 hadi kampuni yenyewe iandike jambo hilo mbele ya mteja.

Gemu ya bure kutoka chuoni

Counter-Strike haikuanza kama bidhaa. Ilianza 1999 kama nyongeza ya bure juu ya gemu nyingine, Half-Life, ambayo kampuni ya Valve ya Marekani iliitoa Novemba 1998. Nyuma ya nyongeza hiyo kulikuwa na vijana wawili waliokuwa bado wanasoma, mmoja Canada na mwingine Marekani, wakiifanya kazi hiyo kwa muda wao wa ziada.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Timu mbili, magaidi upande mmoja na askari upande wa pili. Ukifa, unakaa pembeni unaangalia wenzako mpaka raundi iishe. Hakuna kufufuka fasta na kurudi uwanjani. Kanuni hiyo moja iliwapagawisha watu, maana kila hatua na kila risasi ilikuwa na uzito.

Mwenye Half-Life aliishusha bure. Kisha Valve ikawachukua vijana wale, na Novemba 2000 Counter-Strike ikaingia madukani ndani ya boksi kama gemu kamili.

Kununua gemu enzi hizo kulikuwa na maana ambayo hata mtoto aliielewa. Unatoa hela, unapewa boksi, ndani kuna CD na namba ndefu. Ukitaka kucheza mtandaoni, namba hiyo inakaguliwa na mfumo ulioitwa WON, basi. Hakuna akaunti yenye jina lako. Ukichoka nayo unampa mdogo wako, unamkopesha jirani au unaiuza.

Maisha hayo yalikuwa na kero zake, na hakuna aliyezikana. Toleo jipya likitoka, ni kazi yako kulitafuta kwenye tovuti za watu, kulishusha na kuliweka mwenyewe. Ukichelewa, seva uliyoizoea imeshahamia toleo jipya, wewe na yenyewe hampatani tena. Na wadanganyifu walikuwa wamejaa: mmoja anaona kupitia ukuta, mwingine programu inamlengea kichwa cha adui. Kwa gemu ambayo kufa kuna uzito, mdanganyifu mmoja alitosha kuharibu jioni ya watu 10.

Ahadi ya 2002

Machi 2002, kwenye mkutano wa watengeneza gemu nchini Marekani, Valve ikaitambulisha Steam. Ahadi zilikuwa tamu. Gemu itajiapdeti yenyewe. Wote mtakuwa na toleo moja. Wadanganyifu watadhibitiwa vizuri zaidi. Na siku za usoni utanunua gemu ukiwa nyumbani bila kugusa boksi.

Baadaye ikafahamika kwamba Counter-Strike 1.6 ndiyo itakayopitia kwenye mlango huo. Hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi, na makundi yakajitenga.

Kundi la kwanza lilifurahi kweli. Hawa walikuwa wamechoka kutafuta apdeti na kugombana na wadanganyifu. Kwao Steam ilikuwa dawa.

Kundi la pili lilikuwa na shida ya intaneti. Mwaka 2002 na 2003 watu wengi, hata Marekani na Ulaya, walikuwa bado wanaingia mtandaoni kwa laini ya simu ya mezani. Piga hesabu: kwa kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili la MB 100 linachukua karibu saa nne, na hapo laini isikatike na mama asitake kupiga simu. Kuambiwa kwamba gemu itajishushia mambo yenyewe ilikuwa habari njema kwa mwenye mtandao wa kasi. Kwa mwingine ilikuwa adhabu.

Kundi la tatu lilikasirishwa na gemu yenyewe. Toleo la 1.6 lilileta bunduki mpya na ngao ya kujikinga, ile inayobebwa na polisi wa kutuliza ghasia. Mtu anajificha nyuma ya ngao, anasogea taratibu kama kobe, risasi hazimpati. Wakongwe wakaja juu: hii si Counter-Strike tunayoijua.

Kundi la nne lilikuwa dogo na lilionekana la watu wenye wasiwasi uliopitiliza. Hawa waliuliza maswali ya ajabu. Gemu ikifungwa kwenye akaunti, nitamuuziaje mtu? Kampuni ikifunga akaunti yangu, vitu nilivyonunua vinakwenda wapi? Na siku duka lenyewe likifungwa?

Wengi walikuwa na mguu kwenye makundi mawili au matatu kwa wakati mmoja. Mtu huyohuyo aliyeililia 1.6 ndiye aliyeitukana Steam, na hakuona mgongano wowote.

Siku mlango ulipofunguliwa

Steam ilizinduliwa rasmi Septemba 12, 2003, na Counter-Strike 1.6 ikaja nayo mwezi huohuo. Mambo yakazingua mapema. Watu walikimbilia kwa pamoja, seva zikalemewa, kushusha kukawa kwa kusuasua. Orodha ya marafiki, moja ya vitu vilivyonadiwa sana, ilisumbua kwa muda mrefu kiasi cha kugeuka kichekesho. Programu ilikula nguvu ya kompyuta katika kipindi ambacho kompyuta nyingi hazikuwa na nguvu ya kugawa.

Kwa mtu wa kundi la pili ilikuwa kimeo kabisa. Kwa wa kundi la kwanza ilikuwa aibu, maana aliitetea dawa ambayo sasa ilimwongezea homa.

Wengi wakaona isiwe tabu, wakabaki na toleo la zamani, 1.5, kupitia WON. Gemu waliinunua, CD wanayo, namba wanayo, marafiki wako hukohuko. Nani awasumbue?

Jibu likaja miezi kumi baadaye. Julai 31, 2004, Valve ilizima WON. Aliyetaka kuendelea kucheza mtandaoni kwa njia rasmi ilibidi ahamie Steam. CD ilikuwa ileile, namba ileile, hela ilishalipwa miaka iliyopita, lakini njia ya kuifikia gemu ilikuwa imehamishiwa ndani ya duka.

Baadhi ya wachezaji walikataa. Walitengeneza mfumo wao mbadala, wakauita WON2, ili seva za zamani ziendelee kuishi. Lilikuwa kundi la watu waliokuwa tayari kufanya kazi bila malipo ili tu wasiingie kwenye duka ambalo hawakuliomba. Hawakushinda vita, umati ulishahama. Ila walionyesha kwamba suala halikuwa uvivu wa kujifunza kitu kipya. Wangekuwa wavivu wangebofya "Kubali" na kuendelea na maisha.

Half-Life 2 na ufunguo wa dukani

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa unakuja. Mei 2003 Valve ilionyesha Half-Life 2 kwa mara ya kwanza na kutaja tarehe ya kutoka, Septemba 30 mwaka huo. Tarehe ikapita bila gemu. Siku chache baadaye siri za ndani za gemu hiyo, yaani kodi yake, zikavuja mtandaoni baada ya kijana mmoja wa Ujerumani kupenya kwenye mitandao ya kampuni. Kusubiri kukaongezeka.

Half-Life 2 ilitoka Novemba 16, 2004. Safari hii hata aliyekwenda dukani kwa miguu akanunua boksi alitakiwa kuingia Steam, kufungua akaunti na kuruhusiwa kupitia intaneti kabla ya kucheza. Walionunua mtandaoni walikuwa wameanza kushusha mafaili tangu Agosti, lakini mafaili hayo yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo uliobaki mikononi mwa kampuni. Siku yenyewe watu wakapanga foleni kwenye seva kufunguliwa kitu ambacho tayari kilikuwa ndani ya kompyuta zao. Seva zikalemewa tena. Mtu ana boksi mkononi, risiti mfukoni, na hachezi.

Mwezi huohuo Valve ikatangaza kuzima akaunti takribani 20,000 za watu iliosema walijaribu kuicheza Half-Life 2 bila kuilipia. Kwa kampuni huko kulikuwa kupambana na wizi. Kwa watu wa kundi la nne lilikuwa jibu la swali lao la pili: ndiyo, kampuni inaweza kufunga akaunti yako, na akaunti ikifungwa unapigwa chini wewe na vilivyomo.

Swali la kuuza gemu likaenda mahakamani. Shirikisho la kutetea watumiaji la Ujerumani lilipinga utaratibu wa kufunga Half-Life 2 kwenye akaunti isiyohamishika. Februari 2010 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kampuni ina haki ya kufanya hivyo. Sahani unaweza kuiuza, hakuna anayekuzuia, ila akaunti inayoipa sahani hiyo uhai haiuziki. Ni kama kumuuzia mtu nyumba kihalali halafu ufunguo ukabaki kwa mwenye mtaa.

Ufaransa walijaribu pia. Septemba 2019 mahakama ya Paris ilisema mteja wa Steam ana haki ya kuuza tena gemu aliyonunua. Watu wakashangilia mitandaoni. Oktoba 2022 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo.

Kwa nini kampuni iling'ang'ania

Haki itendeke, Valve nayo ilikuwa na sababu. Katika mfumo wa maboksi, mtengenezaji hakuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na mnunuzi. Katikati yao alikaa msambazaji, kiwanda cha CD, lori na mwenye duka, na kila mmoja alikata chake. Gemu ikiwa na kasoro, hakukuwa na njia ya uhakika ya kumfikia mteja.

Valve pia ilikuwa na ugomvi na msambazaji wake mwenyewe. Agosti 2002 iliishtaki kampuni mama ya Sierra, Vivendi, ikidai gemu zake zinasambazwa kwenye intaneti kafe kinyume na mkataba. Kafe hizo zilikuwa soko kubwa la Counter-Strike: vijana wanalipia kwa saa, wanakaa bega kwa bega, wanapiga kelele mpaka usiku. Hela ilikuwepo, na Valve ilitaka kuikusanya yenyewe. Novemba 29, 2004, wiki mbili tu baada ya Half-Life 2 kutoka, jaji aliipa Valve ushindi kwenye suala la kafe. Aprili 2005 pande hizo mbili zikamalizana.

Kwa hiyo Steam ilikuwa njia ya kumruka mtu wa kati. Kilichotokea baadaye ni kwamba Valve yenyewe ikawa mtu wa kati mpya. Mwaka 2005 ilianza kuuza gemu za watengenezaji wengine, na kiwango chake kilichozoeleka kikawa asilimia 30 ya kila mauzo.

Chuki ilivyogeuka mazoea

Hakuna siku moja ambayo wacheza gemu walikaa wakakubaliana kuipenda Steam. Mapenzi yaliingia kidogokidogo, kupitia vitu vidogo.

Mtu alibadilisha kompyuta, CD zake zimeshakwaruzika, akaingia kwenye akaunti na kukuta gemu zake zote zinamsubiri. Mwingine, aliyeishi mji usio na duka la gemu, akaanza kununua kama mtu wa London. Intaneti ya kasi ikasambaa na malalamiko ya kundi la pili yakapungua yenyewe. Orodha ya marafiki ikaanza kufanya kazi. Mapunguzo ya sikukuu yakafika, gemu ya dola 50 ikashuka hadi dola 10 au chini, na watu wakaanza kujaza maktaba za gemu ambazo mpaka leo hawajazifungua.

Watengenezaji wadogo nao walinufaika. Timu ya watu wawili isingeweza kuchapisha maboksi na kukodi rafu za maduka. Kupitia Steam iliweza kumfikia mteja wa bara lingine.

Lakini baadhi ya mambo mazuri yalikuja baada ya kusuguana. Kwa zaidi ya miaka 10, kurudishiwa hela ukinunua gemu mbovu kwenye Steam ilikuwa bahati nasibu. Agosti 2014 mamlaka ya kulinda watumiaji ya Australia iliifikisha Valve mahakamani kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa. Juni 2015, kesi ikiwa bado inaendelea, Valve ikatangaza utaratibu mpya duniani kote: siku 14 tangu kununua, na uwe umecheza chini ya saa mbili, hela inarudi. Machi 2016 mahakama ikaona kwamba Valve ilivunja sheria, na Desemba mwaka huo ikapigwa faini ya dola milioni 3 za Australia.

Leo kitufe cha kurudishiwa hela kinatajwa kama moja ya sababu za kuipenda Steam. Kilipatikana kwa sababu kuna watu hawakukubali jibu la "ndivyo tulivyo".

Kofia, visu na masanduku

Wakati mabishano ya zamani yakipoa, duka lilikuwa limeshapata mlango wa pili, ndani ya gemu zenyewe.

Septemba 2010 Valve iliweka duka la vitu ndani ya Team Fortress 2, gemu yake nyingine ya mtandaoni. Kilichozungumzwa zaidi ni kofia. Juni 2011 gemu hiyo ikawa ya bure kabisa, na hela ikawa inatoka kwenye vikorokoro. Agosti 2013 zamu ikafika kwa Counter-Strike: Global Offensive. Yakaja masanduku yaliyofungwa, unanunua ufunguo, unafungua, na hujui kitakachotoka. Inaweza kuwa rangi ya bunduki isiyo na thamani, inaweza kuwa kisu ambacho watu wananunua kwa mamia ya dola au zaidi.

Hapa hisia zikachanganyika upya. Kisu hakikuongezei nguvu, tajiri na maskini wanapiga risasi sawa, na wengi waliisifu Valve kwa hilo. Ila mtoto wa shule akiangalia sanduku likizunguka na taa zikimulika, anachokiona kinafanana sana na mashine ya kamari. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya aina hiyo, yakiwemo ya Counter-Strike, ni kamari isiyo halali. Mwaka huohuo Valve ikazima kuyafungua kwa wachezaji wa Ubelgiji na Uholanzi.

Duka jipya, kelele zilezile

Desemba 6, 2018, kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilifungua duka lake. Makato yake yalikuwa asilimia 12. Siku chache kabla, Valve ilikuwa imetangaza kupunguza asilimia 30 yake, ila kwa gemu zilizouza zaidi ya dola milioni 10 tu.

Januari 2019 ikatangazwa kwamba Metro Exodus, iliyobakiza wiki mbili na ushee itoke, haitauzwa tena Steam kwa mwaka mzima bali Epic. Mtandao ukawaka. Sikiliza malalamiko: kwa nini nilazimishwe kuweka programu nyingine? Kwa nini gemu ninayoitaka imefungiwa kwenye duka nisilolitaka? Duka lenyewe halina hiki, halina kile. Na kweli, duka la Epic lilikaa hadi Desemba 2021 bila kikapu cha kuwekea gemu kadhaa na kulipa mara moja.

Ni maneno yaleyale ya 2003, karibu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba sasa Steam ndiyo iliyokuwa nyumbani na mwingine ndiye mvamizi. Wapo waliocheka: mlituambia Steam ni gereza, leo mnalia mkihamishwa gereza?

Kicheko hicho kina ukweli, ila kinapita juu ya jambo moja. Malalamiko ya 2003 na ya 2019 yana mzizi mmoja. Gemu ikiuzwa mahali pamoja tu, mteja hachagui duka, duka linakuja na gemu. Jina la duka ni kitu cha pili.

Miaka 20 baadaye, mwezi uleule

Septemba 27, 2023, miaka 20 baada ya 1.6, Valve ilitoa Counter-Strike 2. Tena watu waliingoja kwa hamu: moshi unaotawanyika risasi ikipita, mwanga mzuri, injini mpya. Na tena haikuwekwa pembeni ya ile ya zamani. Ilichukua nafasi yake. Aliyeamka siku hiyo na kufungua Global Offensive, gemu ambayo kuanzia 2012 hadi mwishoni mwa 2018 iliuzwa kwa hela, alikuta nyingine mahali pake.

Waliokuwa wakicheza kwenye kompyuta za Mac waliachwa nje kabisa, maana toleo jipya halikutengenezwa kwa ajili yao. Baadhi yao walipewa nafasi ya kurudishiwa hela waliyolipia hadhi ya Prime. Toleo la zamani likabaki kama kumbukumbu inayoweza kushushwa, ila msaada wake rasmi ulikoma Januari 1, 2024.

Mzee wa 1.5 aliyeona WON ikizimwa 2004 angelijua tukio hili hata akiwa amefumba macho.

Maneno machache kwenye ukurasa wa malipo

Septemba 2024 jimbo la California lilipitisha sheria inayokataza duka la kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria ilianza kutumika Januari 1, 2025. Steam haikusubiri. Oktoba 2024 wateja walianza kuona maelezo mafupi wakati wa kulipa: unachonunua ni leseni ya bidhaa hiyo kwenye Steam.

Hakuna kilichobadilika siku hiyo kwenye mkataba. Hali ilikuwa hivyo tangu akaunti ya kwanza ya 2003. Kilichobadilika ni kwamba jambo lililosemwa na watu wachache walioitwa wenye wasiwasi sasa lilikuwa limeandikwa mahali ambapo kila mtu analiona kabla ya kubofya.

Je, watu waliacha kununua? Hapana. Miezi mitano baadaye ndipo rekodi ile ya milioni 40 ilipowekwa. Na wala si ujinga. Mtu anaweza kujua kwamba anakodi na bado akaridhika na nyumba, mradi ajue kwamba anakodi.

Ndiyo maana hisia mchanganyiko za mwaka 2003 zinafaa kukumbukwa bila dharau. Steam ilirahisisha maisha na ilichukua umiliki, vyote kwa mkono mmoja. Aliyesema "itatusaidia" na aliyesema "itatunyang'anya" walikuwa wanaangalia duka moja wakiwa pande mbili za mlango.

Gemu nyingine kubwa ya mtandaoni itatangazwa, ikiwa na duka lake, akaunti yake na vikorokoro vyake vya kuuza ndani. Mzuka utapanda na lawama zitafuata, siku hiyohiyo. Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela ni yale ya kundi la nne. Ikiwa mbovu, hela inarudi? Seva zikizimwa, kinabaki nini mkononi? Nikichoka nayo, naweza kumpa mdogo wangu?

CD ya mwaka 2000 ilikuwa na jibu la "ndiyo" kwa swali la mwisho. Kwa sasa swali la kwanza ndilo lenye jibu zuri, na hata hilo halikutolewa kama zawadi.